Chumba kimoja, watu wanne: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupanga vitanda na samani hosteli

Vyuo vikifunguliwa mwezi wa kumi na wa kumi na moja, watu wasiojuana wanakutana mlangoni, kila mmoja na begi lake, ndoo yake na godoro lililokunjwa na kufungwa kamba. Nusu saa baadaye wanabishana nani alale wapi. Majibu ya hapa chini yanachukulia chumba cha kawaida cha hosteli za vyuo vyetu Tanzania: mita 3 kwa 4 hivi, mlango upande mmoja mfupi, dirisha upande wa pili, dabo deka mbili za chuma, watu wanne kwenye karatasi na pengine watano usiku. Kama chumba chenu ni kikubwa kidogo au mlango uko ubavuni, badilisheni namba tu, hesabu haibadiliki.

Tumeingia leo. Tuanze na kitanda gani?

Msianze na kitanda. Anzeni na njia.

Simameni mlangoni, fungueni mlango mpaka mwisho, kisha tembeeni hadi dirishani. Hiyo ndiyo njia kuu ya chumba na haikaliwi na kitu. Mtu mmoja anapita kwa upana wa sentimita 60. Mtu mwenye ndoo ya maji mkononi anahitaji 80. Baada ya njia kuu kuna vijia: kila mwenye kitanda ashuke bila kukanyaga vitu vya mwenzake, kila kabati lifunguke mlango wote, kila kiti kivutwe nyuma. Mkishazihesabu njia zote, mtaona kwamba nafasi iliyobaki kwa ajili ya vitanda ni ndogo kuliko mlivyodhani, na kwamba vitanda vina sehemu mbili au tatu tu za kukaa. Ubishi unaisha hapo, kwa sababu ukuta umeshaamua.

Wengi hufanya kinyume. Kitanda kinasukumwa pale panapopendeza, meza inafuata, kabati linaminywa kwenye kona iliyobaki, halafu mwaka mzima watu wanapita kiubavu. Umeme ukikatika saa nane usiku na mmoja anataka kwenda chooni, chumba kizima kinaamka.

Hatuna futi kamba. Tutapimaje?

Angalieni sakafu. Kama ina vigae, pimeni kimoja kwa rula, kisha hesabuni. Vigae vingi ni vya sentimita 30, 40 au 60. Kama ni sementi tupu, karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7, nanyi mnazo za kutosha. Chaki inatosha kuchora kitanda sakafuni kabla ya kukiinua, na kufuta chaki ni rahisi kuliko kurudisha dabo deka ilikotoka.

Vitu vya hosteli huwa na ukubwa gani?

Godoro la kitanda cha mtu mmoja ni futi 2.5 kwa 6, yaani sentimita 76 kwa 183. Ukiweka fremu ya chuma, hesabu 80 kwa 190. Meza ya kusomea huwa kama 100 kwa 50 au 60. Kabati lina kina cha 50 hadi 60, na mlango wake ukifunguka unataka 45 nyingine mbele. Kiti kikiwa kimekaliwa kinakula 60 hadi 70 kutoka ukingo wa meza. Hiki cha mwisho ndicho kinachosahaulika: watu wanapima meza bila mtu aliyekaa.

Dabo deka mbili, chumba cha 3 kwa 4. Mpangilio upi ni bora?

Iko mitatu inayofaa, na kila mmoja una mahali pake.

*Mstari mmoja.* Dabo deka zote mbili zinafuatana kwenye ukuta mrefu mmoja. Mara mbili ya 190 ni 380, ukuta una 400, mnabaki na 20. Upande wa pili mnapanga meza na makabati. Upana wa chumba ni 300. Toa 80 za kitanda na 60 za meza, katikati zinabaki 160. Mtu akikaa mezani bado kuna 90 za kupita. Huu ndio mpangilio wa watu wanaosoma chumbani, na wa wale ambao wageni hawaishi. Ubaya wake ni kwamba vichwa viwili vinakutana au miguu inakutana katikati ya ukuta. Kubalianeni miguu ikutane na miguu. Mtu anayekoroma au kupokea simu usiku atakuwa na umbali wa mita tatu na nusu kutoka kwa mwenzake, ambao kwa hosteli ni utajiri.

*Mkabala.* Dabo deka moja kila ukuta mrefu, zote zimesogezwa upande wa dirisha. Katikati zinabaki 140. Upande wa mlangoni, kila ukuta una 210 zilizobaki: meza moja ya 100 na kabati moja. Kila jozi ya watu inapata upande wake, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Vitu havichanganyiki, na ukiuliza "viatu vya nani hivi?" jibu linajulikana kwa kuangalia upande. Kama hamfahamiani na mmekutanishwa na mfumo wa malazi, chagueni huu. Mimi ningeuchagua hata kama tunafahamiana.

*Kona.* Dabo deka moja inalala chini ya dirisha kwenye ukuta mfupi, nyingine inafuata kwenye ukuta mrefu, zinatengeneza herufi L. Unafaa chumba ambacho mlango uko kwenye ukuta mrefu, maana mipangilio miwili ya kwanza hugongana na mlango wa namna hiyo. Unaacha uwazi mkubwa upande mmoja. Lakini kitanda cha juu kinaziba nusu ya dirisha, na kufungua kioo kila asubuhi kunakuwa kazi ya mtu mmoja tu, yule wa juu, ambaye hajaamka.

Mpangilio wa nne, wa kuweka dabo deka katikati ya chumba kama ukuta wa kugawa, unajaribiwa kila mwaka. Chumba cha mita 3 hakigawanyiki. Mnapata vyumba viwili ambavyo kimoja hakina hewa na kingine hakina faragha.

Kuna panga boi katikati ya dari. Linabadilisha chochote?

Linabadilisha sana. Mtu wa juu akiketi kitandani na kunyoosha mikono avue fulana, mikono yake inafika zaidi ya mita moja juu ya godoro. Kitanda chochote ambacho ubavu wake unaingia ndani ya mzunguko wa panga boi hakifai, hata kama feni "huwa hatuiwashi". Ipo siku itawashwa. Mstari mmoja na mkabala vyote vinaweka vitanda kwenye kuta, na hiyo ni sababu nyingine ya kuvipenda. Ngazi ya kupandia iwe upande ulio mbali na feni.

Dar kuna joto. Kitanda kikae karibu na dirisha au mbali?

Inategemea dirisha linatazama wapi. Pwani, upepo wa kaskazi unavuma kuanzia Desemba hadi Machi ukitoka kaskazini mashariki, na hiyo ndiyo miezi ya joto kali, katikati ya mwaka wa masomo. Kusi inachukua zamu kuanzia Aprili au Mei, ikitoka kusini. Dirisha linalotazama kaskazini au mashariki litawapa hewa wakati mnaihitaji zaidi, kwa hiyo lisizibwe na kabati wala na nguo zilizoanikwa. Linalotazama magharibi litawaletea jua la saa kumi moja kwa moja kwenye mito; hapo pazia zito la mchana lina faida kuliko kuhamisha kitanda.

Hewa haiingii kama haina pa kutokea. Mkiacha njia kati ya dirisha na mlango wazi, mkafungua na vile vioo vya juu ya mlango kama vipo, chumba kinapumua. Hii ni sababu nyingine ya kuanza na njia.

Mkiwa Mbeya au Iringa, geuzeni jibu lote. Juni na Julai baridi ya huko haina mzaha, na ukuta wa nje unakuwa wa barafu usiku. Sogezeni vichwa kwenye ukuta wa ndani, dirisha waachieni meza.

Nani alale juu?

Kabla ya kupiga kura, ulizeni kama kuna mwenye sababu ya kulala chini: mwenye kifafa, mwenye pumu inayombana usiku, mwenye goti au mgongo mbovu, mjamzito, anayetumia dawa za kumpa usingizi mzito, anayetembea usingizini. Asilazimishwe kueleza mbele ya wote. "Mimi naomba chini" iwe inatosha.

Waliobaki wajue wanachochagua. Juu kuna joto zaidi, kwa sababu hewa ya moto hupanda, lakini hakuna anayekuja kukaa kwenye kitanda chako. Chini kuna urahisi, na bei yake ni kwamba kitanda chako ni kochi la chumba. Wageni wote watakaa hapo, na wali maharage utaliwa hapo. Kama hilo linakukera, lala juu.

Kubadilishana kila baada ya semesta ni utaratibu mzuri kama umekubaliwa siku ya kwanza. Ukiletwa katikati ya mwaka utasikika kama uchokozi.

Godoro la inchi ngapi?

Chini, lolote linalokufaa: inchi 6 ndiyo ya kawaida, inchi 8 kama mfuko unaruhusu na ukiketi kichwa hakigongi chaga za juu. Juu, inchi 4 ni salama zaidi, na usizidi inchi 6 hata kama kizuizi ni kirefu. Sababu ni kile kizuizi cha pembeni. Kanuni za Marekani za dabo deka zinataka kizuizi kiupite uso wa godoro kwa inchi 5 angalau. Tuseme cha kwenu kina inchi 10 kutoka kwenye chaga. Godoro la inchi 4 linaacha 6, uko vizuri. La inchi 8 linaacha 2, na hapo kizuizi kimebaki pambo. Kama kitanda cha juu hakina kizuizi kabisa, ripotini kwa meneja wa hosteli kabla mtu hajalala. Kuchomelea bomba moja la chuma ni kazi ya saa moja kwa fundi. Wakati mnasubiri, godoro la juu lishuke sakafuni.

Dabo deka yetu inayumba na kulia kila mtu akigeuka.

Kelele ya kitanda cha chuma ina vyanzo viwili. Cha kwanza ni nati zilizolegea kwenye viungo. Shusheni magodoro, kazeni kila nati kwa spana. Kama nati imekufa meno, nunueni mpya na washa yake. Cha pili ni chuma kusuguana na chuma, au chaga za mbao kusuguana na fremu. Chukueni tyubu ya baiskeli iliyochakaa, mtaipata bure kwa fundi baiskeli yeyote, mkate vipande vya vidole viwili, mvikunje mara moja na kuvipachika kila mahali chaga inapokaa juu ya chuma. Kitanda kinanyamaza usiku huohuo.

Kuyumba ni jambo jingine. Angalieni miguu: mara nyingi mmoja haugusi sakafu sawasawa, au ile kofia ya plastiki ya chini imetoka. Kipande cha mbao kinatosha, kadibodi inasinyaa baada ya wiki. Kama mmekaza kila kitu na bado inayumba, tafuteni ufa kwenye mahali palipochomelewa. Mkiuona, hakuna kulala juu mpaka fundi apite.

Neti zinafungwaje kwenye dabo deka?

Ya chini ndiyo rahisi: neti ya pembe nne inafungwa kwenye nguzo za kitanda cha juu, kwa ndani, na pindo linachomekwa chini ya godoro. Isigusane na ngozi ukilala, maana mbu anauma kupitia matundu. Ya juu inataka kamba mbili zinazovuka kutoka ukuta hadi ukuta, au fito nne zilizofungwa kwenye nguzo. Neti ya duara inayoning'inia kutoka darini haifai kama kuna panga boi karibu.

Neti yenye dawa, ikitoka kwenye mfuko, itundikwe kivulini saa 24 kabla ya kuilalia. Ikifuliwa, ianikwe kivulini pia, kwa sababu jua linaua dawa. Mishumaa mbali.

Tumekuta kunguni. Kupanga samani kunasaidia?

Kunasaidia kuliko wengi wanavyodhani. Kunguni hana mabawa na haruki, anatembea. Kila kinachogusa kitanda ni daraja lake: ukuta, shuka linaloburuta sakafuni, begi lililoegemezwa mguuni, kamba ya nguo iliyofungwa kwenye nguzo. Sogezeni kitanda sentimita 10 kutoka ukutani, chomekeni mashuka yote, ondoeni vitu vilivyoegemezwa. Sasa njia yake imebaki miguu minne ya kitanda, na hiyo inaweza kuwekwa kwenye makopo laini yenye maji na tone la sabuni.

Hiyo inazuia wageni, haiui wenyeji. Waliopo wamejificha kwenye mshono wa godoro, kwenye matundu ya nati, ndani ya mabomba ya fremu na kwenye nyufa za chaga. Toeni chaga nje, magodoro nje, mwageni maji yaliyochemka kwenye kila kiungo cha chuma, polepole. Nguo na mashuka yaloweke kwenye maji ya moto. Jua peke yake haliaminiki, kwa sababu kunguni anahamia upande wa chini wa godoro ulio baridi. Mafuta ya taa watu wanapaka, najua, lakini chumba chenye pasi, chaja na mafuta ya taa kwenye kitanda cha mtu si chumba cha kulala. Na mkiua chumba chenu peke yenu huku jirani anao, watarudi kwa kupitia ukutani kwenye mabomba ya nyaya. Pelekeni malalamiko kwa uongozi kama korido, ili bloku nzima ipuliziwe siku moja.

Meza nne kwa watu wanne ni lazima?

Kama mmepewa nne na chumba ni cha mita 3 kwa 4, ulizaneni ukweli: nani anasomea chumbani? Wengi wanasomea maktaba, kwenye vimbweta (meza na benchi za nje), au kitandani. Meza mbili zinazotumika ni bora kuliko nne zilizobeba mabeseni. Za ziada zirudisheni stoo ya hosteli na mwandikishiane kuwa zimerudi. Msizitoe koridoni. Korido ndiyo njia ya kukimbilia moto ukitokea, na meza yako gizani itavunja mguu wa mtu.

Meza ikae ubavuni mwa dirisha ili mwanga uingie kutoka pembeni. Ukitazama dirisha moja kwa moja macho yanachoka. Ukilipa mgongo unaandika kwenye kivuli chako. Kipindi cha UE, yaani mitihani ya mwisho wa semesta, mwenye kukesha achukue meza iliyo mbali na vichwa vya waliolala na atumie taa ndogo ya kubana, iliyoinamishwa. Taa ya dari ikiwaka baada ya saa sita usiku ndiyo chanzo cha nusu ya ugomvi wa hosteli. Nusu nyingine ni vyombo visivyooshwa, ambavyo havihusiki na ukurasa huu.

Kabati liwekwe wapi?

Karibu na mlango, mgongo ukutani, mbali na dirisha. Pwani nguo zinashika ukungu, kwa hiyo acheni vidole viwili kati ya kabati na ukuta hewa ipite. Tranka na mabegi makubwa chini ya kitanda, mabegi matupu juu ya kabati. Kitu kizito juu ya kabati ni hatari, hasa lile la miguu myembamba.

Na ndoo, madumu, mabeseni?

Dumu la lita 20 lililojaa lina kilo 20. Manne ni kilo 80 zinazokaa mahali fulani. Yawekwe karibu na mlango, upande ambao hakuna soketi, juu ya kipande cha mbao ili sakafu ikauke. Chini ya kitanda si mahali pa maji: kuvuta dumu kutoka uvunguni ni kumwaga, na uvungu wenye unyevu unaozesha mabegi. Beseni na ndoo tupu zipachikane.

Tuna soketi mbili tu. Vitanda vifuate soketi?

Hapana, lakini visizizibe. Fremu ya chuma iliyobanwa dhidi ya plagi inakunja waya, waya unachubuka, na chuma kinachoshika umeme ni kitanda chako.

Ekstensheni moja nzuri inatosha chumba, ikipita ukingoni mwa ukuta, kamwe isipite chini ya godoro wala chini ya mkeka. Soketi zetu ni za ampea 13 kwa volti 230, yaani kama wati 2,990 kwa jumla. Chaja ya kompyuta mpakato ni wati 65 hivi, ya simu 10 hadi 20. Watu wanne wakichaji kila kitu hawafiki wati 400. Birika la umeme peke yake linaweza kula 2,000, na pasi 1,000 na zaidi. Vikiwashwa pamoja kwenye ekstensheni moja mmevuka mpaka, na zile za bei ya chini zina waya mwembamba unaoanza kuchemka hata kabla ya hapo. Gusa plagi baada ya robo saa: ikiwa ya moto, chomoa. Waya uliozungushwa kwenye duara unachemka zaidi ya ulionyooshwa, kwa hiyo urefu wa ekstensheni uendane na chumba.

Majiko ya umeme karibu kila hosteli yamepigwa marufuku. Mtu atakuambia "mbona wote wanapika". Ni kweli wanapika, tena uvunguni, kando ya tranka lenye vyeti vyote vya maisha yao.

Tunabebana, yaani tunamlaza mwenzetu asiyepangiwa chumba. Tufanyeje usiku?

Taratibu za vyuo vingi haziruhusu, na huyo aliyebebwa akikamatwa mwenye kitanda anaweza kupoteza nafasi yake. Hilo mlijue. Lakini vitanda havijawahi kuwatosha wanafunzi. Hata mabweni yaliyozinduliwa Aprili 2017 kampasi ya Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, majengo 20 yenye nafasi 3,840, hayakumaliza foleni ya malazi. Kwa hiyo swali litaulizwa tu.

Asibebwe mtu juu. Kitanda cha juu kimekusudiwa mtu mmoja, na uzito wa wawili unaingia kwenye viungo vilevile mnavyovisikia vikilia. Chini, futi 2.5 kwa watu wawili ni kulala mzungu wa nne, na ikizidi wiki moja hakuna anayelala. Bora godoro la inchi 4 la kuingizwa uvunguni mchana na kuvutwa usiku. Hapo mpangilio wa mkabala una faida: zile 140 za katikati zinapokea godoro la 76 na bado zinabaki 64, mguu unapita. Kwenye mstari mmoja, godoro lilazwe mbele ya vitanda na viti visogezwe chini ya meza. Lisilazwe kamwe nyuma ya mlango. Na neti yake mumpe.

Nawezaje kupata faragha kwenye kitanda cha chini?

Kanga mbili au shuka jepesi kwenye waya uliokazwa kati ya nguzo. Kitambaa chepesi, sio pazia zito, maana hewa ya chini tayari ni haba. Lifunguliwe mchana. Kwa kubadilisha nguo, kabati likisimama mlangoni kiubavu linaficha pembe ya mita moja, na hiyo inatosha kama mmekubaliana kubisha hodi.

Mwenzetu anatumia kiti cha magurudumu.

Chumba kipangwe kuanzia kwake. Kiti kinahitaji njia ya sentimita 90 na mduara wa mita 1.5 ili kigeuke. Ukihesabu, mstari mmoja wa vitanda ndio pekee unaotoa hizo 160 katikati kwa urefu wote wa chumba, na hata hapo meza za upande wa pili zibaki mbili na viti vikae mlemle chini ya meza. Kitanda chake kiwe cha chini, upande wa mlangoni, uwazi wa kuhamia ubavuni. Soketi na swichi azifikie akiwa ameketi. Nendeni naye kwa meneja mkaombe chumba cha ghorofa ya chini chenye watu wachache; ombi la chumba kizima linasikika kuliko la mtu mmoja.

Tunaruhusiwa kuhamisha vitanda?

Kama vimefungwa kwa bolti sakafuni, hapana. Kama viko huru, hosteli nyingi hazina neno, mradi mwisho wa mwaka virudi vilivyokuwa na havikufunguliwa vipande. Siku ya kukabidhiwa chumba mtajaza fomu ya vitu vilivyomo. Isomeni kabla ya kusaini, piga picha za kila kitanda, kila kioo kilichopasuka, kila mlango wa kabati usiofunga. Kisichoandikwa kwamba kilikuwa kibovu kitaandikwa kwamba mmekiharibu ninyi.

Kuinua dabo deka ni kazi ya watu wanne, magodoro na chaga vikiwa vimetolewa. Kuiburuta kunachana sakafu na kulegeza viungo.

Aliyefika wa kwanza amechukua kona nzuri na hataki kusikia. Tumfanyeje?

Subirini wote wafike, mchoreni chumba kwa chaki yeye akiwepo, mumwonyeshe njia inapita wapi. Mara nyingi kona yake inabaki kuwa yake na kinachohama ni meza. Akikataa hata hilo, mwakilishi wa bloku yupo, na baada yake meneja. Msihamishe vitu vyake akiwa lekcha.